Nihamie Nairobi na familia, nitangulie, au nikatae?

SWALI: Mimi ni baba wa watoto watatu, mkazi wa Likoni. Mwajiri wangu anataka nihamie ghala lake la Eneo la Viwanda, Nairobi, kuanzia Septemba, na mshahara utapanda kutoka shilingi 48,000 hadi 66,000. Hapa tunaishi katika nyumba ya marehemu baba bila kulipa kodi, na mke wangu huuza mahamri na mbaazi kila asubuhi. Kifungua mimba wetu yuko gredi ya 8, na kitinda mimba ana pumu. Mama hataki hata kusikia habari hii. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, barua yako imetaja kila shilingi isipokuwa zile za mahamri, na hapo ndipo hesabu inapoanzia. Nyongeza ya 18,000 inavutia ukiwa Likoni, lakini nyumba ya vyumba viwili katika mtaa kama Donholm, usio mbali na kazini, itaimeza karibu yote, na kabla hujaingiza kitanda utakuwa umelipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana. Mkeo naye atawaacha wateja wa miaka mingi, wanaokopa wakalipa, aje kuanza upya. Muulize kwa upole, kalamu mkononi, faida yake ya mwezi ni kiasi gani. Kisha muulize mwajiri kama hizo 66,000 zinajumuisha marupurupu ya nyumba, kwa kuwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka akupe makao au fedha za kutosha za kodi, ingawa inaruhusu fedha hizo ziwe ndani ya mshahara. Majibu yote uyapate kwa maandishi.

Utaambiwa kwamba Kitengela na Rongai ni nafuu. Ni kweli, ila huko ni Kaunti ya Kajiado, na unachookoa kwenye kodi utakilipa kwa nauli, kwa maji ya kununua, na kwa kuwaona watoto wamelala asubuhi na usiku. Popote utakapopendezwa, habari za maji usimuulize ajenti. Muulize jirani anayeanika nguo. Ukiona mitungi ya lita 20 imepangwa ngazini hadi ghorofa ya nne, umekwisha kujibiwa.

Mtoto wa gredi ya 8 ndiye anayeamua tarehe. Tathmini zake za shuleni za gredi ya 7 na 8 huhesabiwa pamoja na mtihani wa kitaifa wa gredi ya 9, kwa hiyo amalize mwaka alipo, na akihama ahame mapema Januari, rekodi zake zikiwa zimehamishwa kikamilifu. Kuhusu pumu, baridi ya Juni hadi Agosti si ya mzaha kwa mtoto wa Pwani. Zungumzeni na daktari wake sasa, na msikubali nyumba yenye ukungu ukutani hata kama bei ni nzuri.

Kwa maoni yangu, tangulia peke yako Septemba, ukodi chumba kimoja, lakini uweke kikomo, kwa sababu nyumba mbili hula mara mbili. Mwombe mwajiri akuhifadhie nafasi ya Mombasa hadi Desemba. Shule zikifungwa, mkeo aje wiki moja, umpeleke sokoni na stejini alfajiri. Asipoona pa kuweka karai lake, rudini Likoni.