Soli inayonata ndiyo iliyomwangusha babangu

Dadangu, usilipe! Umesema mama ana Parkinson, yale maradhi ya kutetemeka na kukakamaa mwili, anaburuta miguu, na umewekewa dukani raba za soli nene inayonata ili asiteleze. Za aina hiyohiyo nilimnunulia babangu kwa shilingi 8,500, na ndizo zilizomvunja nyonga.

Nami nilikuwa nahofia taili kama wewe. Muuzaji mmoja hapa mjini akaniapia kuwa zinashika sakafu kama kucha za paka, mzee hatelezi tena. Kweli hakuteleza. Alikwama! Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza baadaye, tumeshachelewa: mwenye maradhi haya hanyanyui mguu vizuri, kwa hivyo kiatu kikishika sakafu, mguu husalia nyuma na mwili unakwenda mbele. Babangu alikuwa ametoka kutawadha, anawahi Maghribi. Hatua tatu tu, ncha ya kiatu ikanasa, akaanguka ubavu kama gunia la nazi. Miezi minne kitandani, na mwendo wake haukurudi ulivyokuwa.

Kinachoniuma ni kwamba tulivijaribu dukani! Lakini ilikuwa saa nne asubuhi, levodopa, dawa yake ya Parkinson, ameimeza saa moja nyuma, anatembea kama askari wa gwaride. Jioni dawa ikiisha nguvu, ile ni miguu mingine kabisa. Na yule muuzaji hakuuliza hata mzee anaumwa nini. Macho yalikuwa kwenye noti. Sijamsamehe mpaka leo.

Kwa hivyo patana na wenye duka kwanza kwamba utarudisha viatu vikimshinda, kisha mjaribishe mama nyumbani, juu ya sakafu yake mwenyewe, dawa inapokaribia kuisha, nawe umemshika mkono. Kikinasa hata mara moja, rudisha. Usikubali kujaribu dukani peke yake.

Babangu sasa anavaa kiatu chepesi cha ngozi, soli nyembamba na ngumu kiasi, isiyonata wala kuteleza, kisigino kifupi kipana, kimeziba nyuma, cha kubandika maana kamba zilimshinda. Champali zote tumezificha, hata za msikitini. Mlangoni, pale miguu inapomganda, tumebandika utepe mwekundu sakafuni. Akiutazama na kuuvuka, mguu unanyanyuka.

Mama humeza dawa saa ngapi? Niandikie leo, kabla hujatoka na hizo pesa.