Dhamana ya benki kwa mkandarasi: ada yake, deni lake na zaka yake

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh. Mimi ni mkandarasi mdogo, nakaa Ngamiani, Tanga. Nimepata kazi ya mitaro ya maji ya mvua kwenye halmashauri moja ya mkoani kwetu, mkataba wa shilingi milioni 180. Wanataka dhamana ya benki ya asilimia 10, yaani milioni 18, kwamba kazi nitaikamilisha. Benki imekubali kuniandikia, ila imezuia milioni 9 kwenye akaunti yangu, na inatoza asilimia 1 ya dhamana kila miezi mitatu mpaka kazi iishe. Nilipouliza kama huu ni mkopo, ofisa akaniambia, "Hapana mzee wangu, hii haiingii kwenye mizania, iko nje ya vitabu." Je, ada hiyo ni riba? Nikifa kabla ya kumaliza nitakuwa nimekufa na deni? Na ile milioni 9 naitolea zaka?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, alichosema ofisa yule kihasibu ni kweli, lakini kisikulaze usingizi. Mizania ya benki huonyesha mali iliyonayo na madeni inayodaiwa siku ile. Dhamana yako bado haijatoa hata senti moja, ndiyo maana huwekwa pembeni, pamoja na mikopo iliyoahidiwa ambayo wateja hawajaichukua, na hati za kuwalipa wauzaji wa ng'ambo watakapoleta nyaraka za mzigo. Kuwekwa pembeni si kusahauliwa. Tangu 1988 Kamati ya Basel, chombo cha kimataifa cha wasimamizi wa mabenki, iliagiza kwamba benki inapopima mtaji wake, dhamana inayosimama badala ya mkopo ihesabiwe kwa thamani yake yote, na dhamana ya utekelezaji kama hii yako ihesabiwe kwa nusu. Tena kiwango cha kimataifa cha hesabu namba 9, kilichoanza kutumika 2018, kinaitaka benki itenge akiba ya hasara inayotarajiwa hata kwa dhamana ya kifedha ambayo hakuna aliyeidai bado. Wenye vitabu vyao wanaiogopa. Wewe uliyeweka saini usiione si kitu.

Dhamana yenyewe ni halali. Katika Sura Yusuf, aya ya 72, aliyeleta kombe la mfalme aliahidiwa shehena ya ngamia, na mnadi akasema, "na mimi ni mdhamini wake." Naye Mtume (s.a.w.) amesema kuwa mdhamini ni mwenye kulipa, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi.

Ila sisi watu wa pwani ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na hapa pana jambo lisilofaa kufichwa. Kauli mpya ya Imam Shafi, yaani rai yake ya baadaye, ambayo Imam Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu yetu, ameitegemea, ni kwamba deni linalodhaminiwa sharti liwe limeshathibiti. Dhamana yako inadhamini kitu ambacho hakijawa na huenda kisiwe kamwe: kwamba utashindwa kazi. Kwa kauli hiyo haisihi. Kauli yake ya kale inaikubali, na ndivyo walivyo Mahanafi, Mamaliki na Mahanbali. Nami katika suala hili nafuata kauli ya kale, wala sioni haya. Shehena ile ya ngamia ilidhaminiwa kabla kombe halijaletwa, yaani kabla hajapatikana anayestahiki kulipwa. Najua wenzetu wamejibu kuwa ahadi ya ujira ina hukumu yake, na kwamba ile ni sharia ya waliotutangulia, haitufungi sisi. Jibu lao nimelisoma, halijanitosheleza. Na kazi ya umma leo, iwe mtaro wa mtaani au barabara ya kwenda Pangani, haitolewi bila mwenye mali kujihami.

Sasa tuje kwenye ada, maana hapo ndipo penye mzigo. Ibn al-Mundhir, mwanazuoni wa kale, amenukuu kuwa wanazuoni wameafikiana kwamba mdhamini hachukui malipo kwa kule kudhamini kwake. Sababu iko wazi: akija kulipa kwa niaba yako, amekukopesha; na kama alishachukua chake kwa ajili hiyo, huo ni mkopo uliovuta manufaa, na hiyo ndiyo riba. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, la wanazuoni wa sharia, kwenye kikao chake cha pili huko Jeddah, Desemba 1985, katika azimio namba 12, lilipita njia hiyo hiyo: malipo ya dhamana yenyewe hayafai, gharama za kiofisi za kuitoa zinafaa maadamu hazizidi ujira wa kawaida wa kazi kama hiyo. Dhamana ikiwa imefunikwa na fedha za mteja, benki baina yake na mteja ni wakili, na wakili anaruhusiwa kulipwa.

Ipime ada yako kwa mizani hiyo. Asilimia 1 ya milioni 18 ni shilingi 180,000 kwa miezi mitatu, 720,000 kwa mwaka. Mvua zikichelewesha kazi miezi sita, utaongeza 360,000. Karani ameongeza kazi gani? Barua ya kusogeza tarehe, basi. Na dhamana ingekuwa milioni 36 ada ingekuwa maradufu, ilhali karatasi ni ile ile. Ada inayopanda kwa kiasi na kwa muda ni bei ya kubeba hatari, si ujira wa kazi. Wapo wanazuoni wa zama zetu walioiruhusu, wakisema kujifunga kwa mdhamini kuna thamani yake. Siwatukani, ila siwafuati.

Kubwa zaidi ni karatasi ya pili uliyotia saini, ile ya kuahidi kuirudishia benki. Isome yote. Kwa kawaida dhamana hizi hulipwa kwa kudaiwa tu: halmashauri ikiandika barua kuwa umeshindwa, benki hulipa bila kuuliza nani mwenye haki, kisha inakugeukia. Ikiwa imeandikwa kwamba ukichelewa kurudisha utatozwa nyongeza ya kila mwezi, hiyo ni riba isiyo na mjadala. Na mtendaji anayeidai dhamana akijua kazi imekamilika anakula mali ya watu kwa batili, iliyokatazwa katika al-Baqara, aya ya 188.

Ufanye nini? Omba ada maalumu ya huduma, isiyofuata kiasi wala muda. Ukiweza, weka milioni 18 zote, benki iwe wakili wako. Au nenda kwenye benki inayofuata sharia. Amana Bank ipo nchini tangu 2011, na benki nyingine za kawaida zina madirisha yao ya huduma za kisharia. Lakini usitosheke na kibao cha mlangoni, uliza ada inapigwaje. Wala usiseme umelazimika: neno "dharura" siku hizi limekuwa jepesi midomoni. Mwenye kazi nyingine za kumlisha hajafika huko.

Kuhusu kifo: leo huna deni la milioni 18. Litakuwa deni siku kazi itakaposhindikana na benki ikalipa, na hapo litatoka katika tirka, yaani mali utakayoacha, kabla ya urithi. Unaijua hadithi ya Bukhari: Mtume (s.a.w.) alikataa kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolibeba. Basi andika katika wasia wako benki gani, kiasi gani na dhamana inaisha lini, ili wanao wasije wakashtukizwa. Kazi ikiisha, hati ya asili irudi benki, fedha zako zifunguliwe.

Milioni 9 ni mali yako, imewekwa rahani tu. Ikifika nisabu, kiwango cha chini cha mali inayotolewa zaka, pamoja na fedha zako nyingine na mwaka ukapita, itolee zaka, shilingi 225,000 kwa hizo peke yake, hata kama utalipa kutoka mfuko mwingine. Na ile milioni 18 usiipunguze kwenye hesabu ya zaka. Hata deni lililothibiti haliizuii zaka katika kauli yenye nguvu kwenye madhehebu yetu.

Wallahu aalam.