Sindano inaukwepa mshipa unaodunda

SWALI: Nilikwenda kupimwa damu. Muuguzi akanifunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa weee, ndipo akachoma kwenye mkunjo wa mkono. Mbona hakuchoma pale kifundoni, upande wa dole gumba, ambapo mshipa unadunda wenyewe na hautafutwi?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

JIBU: Unaodunda ni ateri, aliouchoma ni vena. Neno "mshipa" tumelibebesha mengi: kuna wa damu, kuna wa fahamu, na hata mwenye ngiri husema ana mshipa. Hapa tunasema ya damu tu, nayo iko ya aina tatu. Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha, na kati yake zimo kapilari, nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu hupenya mojamoja kwa kujibana.

Kinachozitofautisha hasa ni presha. Ukiambiwa una 120 kwa 80, hiyo ni ya ateri: 120 moyo unapokamua, 80 unapolegea. Kwa hiyo ukuta wa ateri ni mnene, una misuli na nyuzi zinazonyumbuka. Kila pigo likija hutanuka na kurudi, ndiyo hiyo dundadunda unayoisikia. Damu ikiingia kwenye kapilari presha imeshuka hadi kama 35, ikitoka ni kama 15, na kwenye vena kubwa zinazoingia moyoni inakaribia sifuri. Ukuta mnene wa nini tena? Vena ni laini, hulala bapa ikiwa tupu, na zaidi ya nusu ya damu yako imo humo.

Ule mpira hukazwa kwa kipimo: uzuie damu inayorudi kwenye vena, usizuie inayokuja na ateri. Damu inaingia, haitoki, vena inavimba. Ukikazwa mpaka kifundo kikaacha kudunda, vena haijai. Wala usikae zaidi ya dakika moja, maana maji huanza kuchujika kutoka kwenye damu na majibu ya baadhi ya vipimo yakapanda bure. Sindano ikitoka, bonyeza pamba dakika 2 au 3 mkono ukiwa umenyooka. Wengi hukunja kiwiko, ndiyo maana wanaondoka na alama nyeusi.

Ateri nayo huchomwa, daktari akitaka kujua oksijeni na hewa nyingine zilizomo kwenye damu. Inauma zaidi, na kwa presha yake kubwa, baadaye hubonyezwa kwa nguvu dakika 5 au zaidi. Ndiyo maana muuguzi wako alitafuta vena.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nauza ndizi soko la Kilombero, nasimama tangu alfajiri. Jioni miguu inakuwa mizito, na kwenye mashavu ya miguu mishipa imejitokeza, imejikunjakunja kama kamba. Jirani anasema ni damu chafu, nichanjwe itoke. Kweli?
*Muuza ndizi, Arusha*

JIBU: Usichanjwe, mama. Damu hiyo haina uchafu. Imekosa mlango wa kuizuia isirudi chini.

Vena za miguu zina milango midogo, vali, inayofunguka kuelekea juu tu. Unaweza kuiona kazi yake sasa hivi. Ning'iniza mkono mpaka vena za mgongo wa kiganja zijae, uchague iliyonyooka. Ibonyeze kwa kidole kimoja karibu na vidole, kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kifundoni, kisha uachie hicho cha pili. Kipande cha kati kinabaki bapa, ya juu haishuki. Achia cha kwanza: kinajaa papo hapo kutoka chini. (Ikikataa, jaribu vena nyingine, si kila kipande kina vali.) William Harvey, daktari wa Uingereza, alichapisha majaribio ya namna hii mwaka 1628 kuonyesha kwamba damu inazunguka.

Mtu akisimama tuli, presha kwenye vena za kifundo cha mguu hufika kama 90. Akitembea, msuli wa shavu la mguu huikamua damu juu na presha ikashuka chini ya 30. Wewe umesimama bila kutembea, vena zimetanuka, vali hazikutani tena.

Kila nusu saa nyanyuka kwa ncha za vidole mara 20. Jioni lala, miguu iwe juu kuliko moyo, dakika 15. Soksi za kubana huvaliwa asubuhi kabla mguu haujavimba. Lakini mwenye kisukari, vidonda au nyayo baridi apimwe kwanza ateri za miguu, kwani soksi zinaweza kumnyima hata damu kidogo anayoipata. Vena ikipasuka, lala chini, inua mguu, bonyeza. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, nenda hospitali siku hiyohiyo: huenda damu imeganda ndani. Ukiongezeka upungufu wa pumzi, usingoje hata saa moja.

SWALI: Wakuu, shuleni tulifundishwa ateri ina damu safi, vena ina chafu. Ni hivyo daima? Na kwa nini mtu mlimani anajaa maji mapafuni?
*Mpagazi, Marangu*

JIBU: Si daima. Ateri iendayo mapafuni hubeba damu iliyopungua oksijeni, ndiyo hiyo mliyoambiwa ni chafu, nayo ateri hiyo ndiyo yenye jibu la swali lako la pili. Mishipa ya mapafu ina tabia yake: penye oksijeni haba hujibana, damu iende sehemu yenye hewa nzuri. Nyumbani hilo ni jema. Huko juu pafu zima lina upungufu, mishipa yote inajibana, presha inapanda, kapilari zinavuja.

Dalili ni kuhema hata akiwa amekaa, kikohozi, baadaye povu la rangi ya waridi. Mshusheni usiku huohuo, msingoje kuche. Huko Kilimanjaro, kutoka kambi ya Kibo hadi ya Horombo mnashuka kimo cha kama mita 1,000, na mara nyingi hapo nafuu huonekana. Oksijeni ikiwepo apewe. Afunikwe vizuri, maana baridi hupandisha presha hiyo, na kazi nzito vilevile. Kwa hiyo mzigo wake wagawane wenzake, na ikiwezekana naye abebwe.