Jibu: Mbao za uwanja wa kikapu zimekunja kingo (Tanga)
Habari ndugu. Umesema umepigilia mninga juu ya zege uani, Raskazone, na baada ya masika kila ubao umeinua kingo. Unyevu unatoka chini. Kwanza bandika kipande cha nailoni juu ya zege, ziba pande zote kwa utepe wa gundi, uache siku nzima. Ukikuta matone, zege bado linatoa maji.

Mimi ilinilazimu kung'oa mbao zangu zote, ingawa uwanja wangu ulikuwa chini ya banda la bati. Nikatandika nailoni nzito, juu yake papi (vipande vyembamba vya mbao) zenye dawa ya mchwa, nikaacha nafasi pembezoni mbao zipate pa kutanukia.

Bila paa, tafadhali usirudishe mbao. Hata sakafu za mbao za maple za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zimo ndani ya kumbi.