Michirizi ya ndege: tatizo ni unyevu

SWALI: Kaboni inayotoka kwenye injini za ndege inajulikana vizuri. Mbona wanasayansi bado hawajakubaliana kuhusu ile michirizi myeupe inayobaki angani nyuma ya ndege, na utafiti wake unaelekea wapi?

JIBU: Kaboni ni hesabu nyepesi. Kilo 1 ya mafuta ikiungua hutoa kilo 3.16 za kaboni dioksidi, ndege iwe wapi, iwe saa ngapi. Mchirizi hutegemea hewa ya pale pale. Mvuke wa injini huganda juu ya chembe za masizi. Hewa ikiwa kavu, barafu hiyo huyeyukia hewani ndani ya dakika chache. Ikiwa imeshiba unyevu kiasi kwamba barafu haiwezi kuyeyukia hewani, mchirizi hutanuka ukawa wingu jembamba, likadumu saa nyingi. Mchana wingu hilo hurudisha sehemu ya mwanga wa jua. Usiku hubakiwa na kazi moja, kuzuia joto la dunia lisitoke.

Matabaka hayo ya unyevu mara nyingi yana unene wa mita mia kadhaa tu, kwa hiyo kupanda au kushuka futi 2,000 huweza kutosha kuyakwepa. Mwaka 2023 Google na American Airlines walitangaza matokeo ya safari 70: michirizi ilipungua kwa asilimia 54, huku ndege zilizoikwepa zikichoma takriban asilimia 2 zaidi ya mafuta. Hapo ndipo penye mtego. Utabiri ukikosea, mafuta yameungua bure, na kaboni yake haiondoki leo wala kesho.

Na utabiri hukosea kwa sababu unyevu wa huko juu haupimwi vya kutosha. Vipimo vya puto za hali ya hewa huwa vizito kuitikia kwenye baridi kali, na setilaiti huchanganya matabaka. Ndege za abiria zenye vifaa vya IAGOS, mradi wa utafiti unaopima hewa kwa kutumia ndege hizo, hupima vizuri, ila ni chache mno. Kwa maoni yetu fedha ziende huko kwanza, kabla ya kompyuta kubwa zaidi za utabiri.

Kupunguza masizi kwa mafuta mbadala kunasaidia, lakini masizi yakipungua sana kwenye baridi kali, chembe za salfa na matone ya oili ya injini huanza kugandisha barafu.

Kuthibitisha kama ndege fulani imekwepa kuacha mchirizi nako kuna kazi yake: mchirizi ukionekana na setilaiti, upepo umeshausogeza. Ili kujua ni wa ndege ipi, kamera za ardhini hulinganishwa na njia za ndege na data ya upepo.