Mkuu, usiilipie hiyo seti!

Umesema unataka kuchora birika na kikombe kwa sumi-e, ule uchoraji wa wino wa Kijapani, na muuzaji amekushauri karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 na wino wa chupa usiotoka kwa maji. Wauzaji wa namna hii wananiudhi sana. Wanakupa kilichopo rafuni, kisha mwanafunzi anaacha kuchora akidhani mkono wake ndio mbovu.

Karatasi ile imetiwa gundi makusudi ili rangi ikae juu. Sumi-e inataka kinyume chake. Kwenye washi, karatasi ya Kijapani, isiyo na gundi wino unazama papo hapo: ukisita, doa linatanuka; ukipitisha haraka brashi iliyokaribia kukauka, vijistari vyeupe vinabaki ndani ya pigo. Hapo ndipo kikombe kinapoonekana cha udongo mzito au cha kaure nyembamba. Ukirudia mstari umeharibu, maana kingo za pigo la kwanza hazifunikiki, kiraka kitaonekana tu. Karatasi yenye gundi inakuruhusu kurekebisha, kwa hiyo mkono haujifunzi kuamua.

Sharti ni hilo: karatasi inayokunywa wino, pigo moja, hakuna kurudia.

Tia matone machache ya maji kwenye jiwe la kusagia wino, sugua hapo kijiti cha wino mkavu kwa miduara bila kukandamiza. Lowesha brashi, ikamue kidogo, ichovye wino hafifu hadi nusu, kisha ncha peke yake kwenye wino mzito. Ilaze, uivute. Upande mmoja wa birika utatoka mweusi na mwingine utafifia, tumbo la birika limepatikana kwa pigo moja. Chini tandika kitambaa cha sufu, la sivyo karatasi itagandia meza. Wino wenye sheleki, ule utomvu unaoufanya usitoke kwa maji, usiuguse kabisa. Ukikauka ndani ya manyoya, maji hayautoi, na brashi imekwenda.

Kuhusu maana za vitu, mtazame Sengai (1750–1837), mtawa wa Zen, tawi la Ubudha. Alichora duara, alama ya utupu na ukamilifu, akaandika kando yake: ule hiki, unywe na chai. Duara likawa kitafunwa, na bado ni duara.

Dukani omba kipande cha karatasi, dondoshea tone la maji. Likikaa juu, rudisha. Likizama na kutanuka mara moja, nunua hiyo, hata kama ndiyo ya bei ya chini.