Macho mazima, mbona haoni ubwabwa wa kushoto?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba alipata kiharusi upande wa kulia wa ubongo miezi miwili iliyopita. Anamaliza ubwabwa wa kulia wa sahani, wa kushoto anauacha, halafu analalamika hajashiba. Ndevu ananyoa shavu moja. Macho yamepimwa, hayana shida. Kuna kijana anatuuzia mashine ya kutetemesha shingo, anasema wiki mbili baba atakuwa sawa. Tununue?

JIBU: Marahaba, pole kwa kuuguza. Msinunue.

Kila wiki naletewa mgonjwa ambaye nyumbani wanamfokea, "Baba, geuza kichwa!" Kana kwamba ni ubishi. Ubongo huijua "mbele yangu" kwa kujumlisha habari za macho, sikio la ndani na misuli ya shingo. Hesabu ikivurugika, mbele ya baba inahamia kulia, na kushoto kunakuwa kama hakujaumbwa. Mwaka 1991, Ujerumani, mtafiti wa ubongo Hans-Otto Karnath na wenzake waliwageuza wagonjwa wa aina hii kichwa peke yake kuelekea kushoto: nafuu hakuna. Walipogeuza kiwiliwili nyuzi 15 kushoto, macho yakaanza kuviwahi vitu vya kushoto.

Kwa hiyo tazameni kiti kwanza. Makalio yamelingana, au ameangukia upande? Mkao ukishakaa sawa, geuzeni kiti kidogo, kifua kielekee kushoto kwa sahani. Mkono wa kushoto uwe mezani. Kama vidole vinacheza hata kidogo, avichezeshe mwenyewe, wa kulia ukitulia. Watafiti Robertson na North, Uingereza, waliona kuchezesha wa kushoto peke yake kunasaidia kuona kushoto, lakini mikono yote miwili ikienda pamoja faida hiyo inapotea.

Mtetemo nao si uongo mtupu, na hapo ndipo wauzaji wanapotupatia. Karnath aliujaribu pia: misuli ya nyuma ya shingo, upande wa kushoto, si popote. Nafuu iliyoonekana ilidumu mtetemo ukiwepo. Hospitalini tukiutumia, tunauambatanisha na mazoezi ya kutafuta vitu upande wa kushoto, siku baada ya siku. Kidude cha kukandia mabega hakifanyi kazi hiyo.

La kunitisha zaidi ni wanaojiita wanyoosha shingo, wanaoipinda ghafla mpaka ilie "ka". Humo mnapita mishipa ya damu ya ubongo. Ukuta wa mmoja ukichanika, mnaweza kuuguza kiharusi cha pili. Kijana wa mashine akisema na hiyo anaijua, mpeni chai, anywe, aondoke.